Mwili Unaporejea Kutoka Njaani

Watu wengi hudhani kwamba njaa ina dawa moja tu, nayo ni chakula. Mtu amekonda, basi na apewe sahani iliyojaa, ale ashibe, alale, na kesho apewe nyingine. Fikira hii yapendeza, wala si ajabu kwamba imeenea kila mahali, kwa kuwa kila mmoja wetu amepata kuona njaa ya mchana ikiondolewa na chakula cha jioni. Lakini njaa ya siku moja na njaa ya miezi ni mambo mawili mbalimbali. Habari za watu waliorejea kutoka katika njaa ndefu zaonyesha kwamba njia ya kurudi ina hatari zake na kanuni zake, na aghalabu ni ndefu kuliko njia ya kwenda. Habari hizo ndizo ninazotaka kukusimulia, msomaji, katika kurasa hizi.

Kabla hatujaanza, yafaa utambue kwamba watu hukondeshwa na njaa ndefu kwa sababu zaidi ya moja. Wako walionyimwa chakula na vita, au na ukame, au na mlinzi wa gereza. Wako pia walionyimwa na ugonjwa wa nafsi: chakula kipo mezani, jamaa wanabembeleza, na mgonjwa hawezi kula, au ala kidogo mno kwa hofu ya kunenepa, hofu ambayo yeye mwenyewe mara nyingi hawezi kuieleza. Ugonjwa huu madaktari huuita anoreksia. Huwapata wasichana zaidi, lakini wavulana nao hawakusazwa, na mara nyingi huanza katika umri ulio nao wewe sasa. Sababu za njaa hizi mbili ziko mbali kama mbingu na ardhi. Lakini moyo, tumbo, damu na mifupa havijui sababu. Kwa hiyo mengi yanayojulikana leo juu ya kumrudishia mgonjwa wa anoreksia uzito wake yalijifunzwa kwanza kwa watu wenye njaa ya kulazimishwa.

Jambo la kwanza lilijulikana zamani sana. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi aliyeshuhudia Warumi wakiuzingira mji wa Yerusalemu mwaka wa 70, aliandika juu ya watu waliotoroka mjini kwa njaa wakakimbilia upande wa adui. Walifika wamevimba miili. Wale waliokula kwa pupa, wakayajaza ghafla matumbo yaliyokuwa matupu, walikufa. Waliosalimika ni wale walioweza kujizuia, wakala kidogo kidogo mpaka miili ikazoea. Habari hiyo ilikaa vitabuni kwa karne nyingi, na juu ya hivyo ulimwengu ulikuja kujifunza somo lile lile tena kwa gharama kubwa.

Tarehe 15 Aprili 1945 jeshi la Waingereza liliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, kaskazini ya Ujerumani. Lilikuta wafungwa wapatao 60,000, wengi wao mifupa na ngozi tu, na maelfu ya maiti ambazo hazikuzikwa. Askari waliwapa wenye njaa chakula walichokuwa nacho, yaani nyama za mikebe na vyakula vingine vizito vilivyotengenezwa kwa mtu mwenye afya. Walifanya hivyo kwa huruma, na nani angewalaumu? Lakini matumbo yale hayakuviweza. Watu wapatao 14,000 walikufa baada ya kukombolewa. Wengi waliuawa na homa ya chawa na udhaifu uliokuwa umekwisha kuwashinda. Lakini wengine waliuawa na chakula chenyewe. Wanafunzi wa udaktari karibu 100 waliletwa kutoka London kusaidia kazi ya kulisha. Ulijaribiwa mchanganyiko wa maziwa ya unga na sukari uliokuwa umetumiwa katika njaa ya Bengal mwaka wa 1943, na wagonjwa wengi waliukataa kwa utamu wake uliopita kiasi. Ikawa hapana budi kumtazama mgonjwa mmoja mmoja na kumpimia kinachomfaa.

Kwa nini chakula kimdhuru mwenye njaa? Mwili uliokosa chakula kwa muda mrefu hujila wenyewe: kwanza akiba ya wanga, kisha mafuta, kisha nyama ya misuli, hata ile ya moyo. Katika kazi hiyo akiba ya chumvi fulani iliyomo mwilini, hasa fosfeti, potasiamu na magnesi, hupungua kidogo kidogo, ijapokuwa damu ikipimwa yaweza kuonekana haina kasoro. Wanga na sukari vikiingia kwa wingi na kwa ghafla, mwili hutoa insulini, na insulini huzivuta chumvi zile kutoka katika damu kuziingiza ndani ya chembe hai. Damu hubaki bila fosfeti ya kutosha. Mapigo ya moyo huvurugika, pumzi hulegea, maji hujaa miguuni. Vitamini B1, ambayo mwili huihitaji ili kuitumia sukari, nayo huisha upesi. Mwaka wa 1981 Weinsier na Krumdieck, wa Marekani, walitangaza habari za wagonjwa wawili waliokuwa wamekonda kwa muda mrefu, wakafa baada ya kulishwa kwa wingi kwa kupitia mishipa ya damu. Ndiyo sababu leo mtu aliyekonda sana haanzishiwi chakula kingi nyumbani kwa kubahatisha. Huanzishwa chini ya macho ya daktari, damu yake ikipimwa mara kwa mara, hasa katika siku za mwanzo.

Sasa turudi nyuma kidogo, tumtazame mgonjwa wa anoreksia mwenyewe. Mwaka wa 1873 madaktari wawili waliueleza ugonjwa huu karibu wakati mmoja, kila mmoja kivyake: Ernest-Charles Lasègue mjini Paris, na Sir William Gull wa hospitali ya Guy's mjini London. Gull ndiye aliyeupa jina la anorexia nervosa, nalo limedumu mpaka leo, ingawa kwa maoni yangu ni jina lenye kupotosha. Maana yake ni kukosa hamu ya chakula. Ilhali wagonjwa wengi wana njaa kali, nao hupigana nayo usiku na mchana. Katika makala yake, iliyopigwa chapa mwaka wa 1874, Gull alitia picha za wagonjwa kabla ya kupona na baada ya kupona. Mmoja wao, aliyemwita kwa herufi A tu, alikuwa na umri wa miaka 17 alipofika kwake mara ya kwanza mwaka wa 1866. Katika picha ya kwanza mashavu yameingia ndani na macho ni makubwa. Katika picha ya mwaka wa 1870 ni msichana mwingine kabisa, mwenye uso wa mviringo na mtazamo mtulivu.

Gull aliwahi kumpa mgonjwa yule dawa za namna nyingi, na hakuna hata moja iliyofaa. Kilichofaa ni chakula, joto, na mwangalizi thabiti. Alisisitiza mambo mawili. La kwanza, kadiri mgonjwa alivyo dhaifu ndivyo vipindi baina ya chakula na chakula viwe vifupi. La pili, asiulizwe kama apenda kula au hapendi, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ndio utakaojibu. Aliongeza neno moja la ukali: kwamba jamaa wa mgonjwa ndio waangalizi wabaya kuliko wote. Neno hilo liweke akilini, maana tutalirudia.

Baadaye elimu ilipotea njia kidogo. Mwaka wa 1914 daktari Morris Simmonds wa Ujerumani alieleza ugonjwa wa kukonda uletwao na kuharibika kwa tezi iliyo chini ya ubongo, na kwa muda wa miaka ishirini hivi wagonjwa wengi wa anoreksia walihesabiwa kuwa wagonjwa wa tezi. Tusikawie hapo.

Jaribio lililofundisha kuliko yote lilifanywa mahali ambapo hapakuwa na njaa hata kidogo: katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota, huko Marekani. Kufikia mwaka wa 1944 ilikuwa dhahiri kwamba vita vikiisha, mamilioni ya watu wa Ulaya watahitaji kulishwa, na hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika namna ya kuwalisha. Ancel Keys, mtaalamu wa elimu ya mwili, akatafuta watu wa kujitolea wakondeshwe kwa makusudi, kisha wanenepeshwe, na kila kitu kipimwe. Waliojitokeza walikuwa vijana waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri na dini zao, ambao serikali yao iliwapa kazi za raia badala ya vita. Hawakutaka kuua, wala hawakutaka kukaa raha mustarehe ilhali wenzao wanaumia. Zaidi ya 200 waliomba. 36 walichaguliwa, wote wakiwa wazima wa mwili na akili. Sidhani kwamba leo chuo chochote kingeruhusiwa kufanya jaribio la namna hiyo.

Tangu Novemba 1944 vijana hao walilishwa vizuri kwa majuma 12, ili hali yao ya kawaida ijulikane. Februari 1945 chakula kilipunguzwa kikawa karibu nusu: mkate, viazi, kabichi, makaroni, mara mbili kwa siku, na pamoja na hayo walitakiwa kutembea maili 22 kila juma. Hali hiyo iliendelea kwa majuma 24, nao wakapoteza karibu robo ya uzito wao.

Kukonda kwao hakukuwa jambo la kushangaza. Jambo la kushangaza lilikuwa nyoyo zao. Vijana ambao zamani walizungumza juu ya dini, siasa na amani, sasa hawakuwa na mazungumzo ila chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya. Waliramba sahani. Walitia maji katika chakula ili kionekane kingi, wakakaa mezani muda mrefu wakikivuta kidogo kidogo. Walikunywa kahawa na kutafuna chingamu kupita kiasi, hata Keys akalazimika kuweka mpaka. Waliona baridi katikati ya majira ya joto. Walibeba mito ya kukalia, kwa kuwa mifupa yao iliuma juu ya viti. Waliacha mizaha, wakajitenga, wakakasirishwa na mambo madogo. Na la ajabu zaidi, baadhi yao hawakujiona wamekonda; waliona kwamba watu wengine mitaani ndio wanene kupita kiasi. Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu habari za kuramba sahani, walicheka. Nilipofika hapo pa mwisho walinyamaza.

Waonaje, msomaji? Tabia hizi, karibu zote, ndizo ambazo madaktari walikuwa wakiziandika kuwa tabia za mgonjwa wa anoreksia: kukata chakula vipande vidogo, kupikia wengine bila kula mwenyewe, kufikiri chakula mchana kutwa, kujitenga na rafiki, kutoiona hali ya mwili wake mwenyewe. Hapa ziliwatokea vijana wazima ambao hawakuwa na hofu yoyote ya unene. Basi njaa si tunda la ugonjwa tu. Njaa yenyewe huzaa sehemu ya ugonjwa. Mgonjwa hushikwa katika duara: hofu humletea njaa, na njaa huifanya akili yake iwe ngumu na yenye hofu zaidi. Hilde Bruch, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyewatibu wagonjwa hawa Marekani kwa miaka mingi na kuandika juu yao katika miaka ya 1970, alieleza kwamba mazungumzo ya kuchunguza nafsi hayana faida kubwa kwa mtu ambaye njaa imemfunga akili. Lazima mwili upate chakula kwanza, au angalau vyote viwili viende pamoja.

Tarehe 29 Julai 1945 kulisha upya kulianza. Vijana 32 waliobaki katika hesabu waligawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza liliongezewa kalori 400 kwa siku juu ya chakula cha njaa, la pili 800, la tatu 1,200, la nne 1,600. Kalori, kama ujuavyo, ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Ndani ya kila kundi wengine walipewa vitamini, na wengine vidonge visivyo na kitu. Wengine waliongezewa protini, na wengine hawakuongezewa. Kwa namna hiyo Keys alitaka kujua ni kipi hasa kinachomrudisha mtu.

Jibu lilikuwa wazi, nalo halikumpendeza kila mtu. Vitamini hazikuleta tofauti ya kuonekana. Protini ya ziada vilevile. Kilichotofautisha ni wingi wa chakula. Kundi la chini lilikaa majuma sita karibu bila kusonga mbele, hata ikabidi vijana wote waongezewe kalori 800 zaidi. Keys alikata shauri kwamba mwanamume mzima aliyetoka katika njaa ya namna ile ahitaji kalori zipatazo 4,000 kwa siku, kwa miezi kadhaa, ili kuijenga upya nyama iliyoliwa. Hicho ni chakula kingi kuliko akilacho mfanyakazi wa shamba. Hapa ndipo zinapokutana kanuni mbili zinazoonekana kupingana: siku za mwanzo kwa tahadhari na kwa kipimo, kama Josephus na Belsen walivyofundisha, kisha kwa wingi na kwa muda mrefu, kama Minneapolis ilivyofundisha. Anayeishika ya kwanza tu humwacha mgonjwa katika njaa. Anayeishika ya pili tu aweza kumwua.

Na sasa sikiliza jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kwa wengi wa vijana wale, majuma ya kulishwa upya yalikuwa mabaya kuliko majuma ya njaa. Walitarajia furaha; wakapata huzuni, hasira na kuchoka. Mmoja wao alijiumiza mkono vibaya katika siku hizo. Njaa yao haikupungua kwa kuongezewa chakula, bali iliongezeka. Mwezi wa Oktoba wengi waliondoka, na 12 wakabaki kwa majuma manane zaidi wakila wapendavyo. Wengine walikula kalori 5,000 na zaidi kwa siku, na bado waliondoka mezani matumbo yamejaa na njaa haijaisha. Mmoja alipelekwa hospitali kutolewa chakula tumboni, kwa kuwa alikula kupita uwezo wake. Mafuta yalirudi kabla ya nyama ya misuli, tena yalianza kujikusanya tumboni na kiunoni, na uzito wa baadhi yao ukapita ule wa zamani. Lakini haukuendelea kupanda bila mwisho. Kadiri miezi ilivyopita, nyama ilijengwa, mafuta yakapungua na kujigawa mahali pake, njaa kali ikatulia, na miili ikarudi karibu na ilivyokuwa kabla ya jaribio.

Fikiri sasa juu ya msichana wa miaka 16 aliye katika mwezi wa pili wa kupona. Alikubali kula kwa shida kubwa. Sasa miguu imevimba kwa maji, tumbo limejaa gesi na huumia baada ya kila mlo, usiku anatoka jasho, shavu na tumbo vimetangulia kunenepa kabla ya mikono, na njaa ambayo aliizima kwa mwaka mzima imeamka kama moto wa nyika. Hofu yake yamwambia: nilijua, nimekuwa mlafi, sitasimama tena. Asipokuwa na mtu wa kumwambia kwamba vijana 32 wazima walipita njia hiyo hiyo na wakafika, atarudi alikotoka. Wengi wamerudi kwa sababu hiyo. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya nafsi yenye kuua zaidi, na kwa hiyo ujuzi huu mdogo si jambo la kujifurahisha tu.

Habari ya tatu yatoka Duisburg, Ujerumani, mwaka wa 1948, nayo ndiyo niipendayo zaidi. Elsie Widdowson, mtaalamu wa chakula kutoka Cambridge, alitaka kujua watoto wa baada ya vita watakuaje wakiongezewa mkate. Alichagua nyumba mbili za mayatima, kila moja yenye watoto wapatao 50. Kwa miezi sita watoto wote walikula mgao wa kawaida, na kila juma mbili walipimwa. Kisha nyumba moja ikapewa mkate wa kutosha, pamoja na jamu na maji ya machungwa, na nyumba ya pili ikaachwa na mgao wake. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio: waliopewa chakula zaidi waliongezeka uzito kidogo kuliko wale wasiopewa.

Widdowson hakuyatupa matokeo hayo. Aliyafuatia mpaka chanzo chake. Ikajulikana kwamba wakati ule ule mkate ulipoanza kuletwa, msimamizi mwanamke wa ile nyumba nyingine alihamishiwa katika nyumba yenye mkate. Alikuwa mkali, na alipenda kuchagua wakati wa chakula kuwa wakati wa kukaripia. Alimwita mtoto mbele ya wenzake, akamwaibisha kwa kosa la glavu zilizochafuka au mengineyo, na alipomaliza supu ilikuwa imepoa na watoto wamekwisha kufadhaika. Nyumba aliyoiacha ilipata msimamizi mpole, na watoto wake wakanenepa kwa mgao ule ule wa zamani. Walikuwako watoto wanane tu waliostawi chini ya yule mkali, nao ni vipenzi vyake aliohama nao. Widdowson alilitangaza jambo hili mwaka wa 1951 katika gazeti la madaktari la The Lancet. Sisi walimu tusimamiao vyumba vya kulia vya shule za bweni twapaswa kuisoma makala hiyo kila muhula.

Mmoja wa wataalamu waliofanya kazi na wenzake Widdowson katika Ujerumani ile ya njaa, daktari R. F. A. Dean, alifika Uganda baadaye, akatibu watoto wenye kwashakoo katika hospitali ya Mulago. Hivyo elimu ya kuwarudisha wenye njaa ya Ulaya na ya kuwarudisha watoto wa Afrika Mashariki zimetoka katika mikono ya watu wale wale.

Nimekuambia uliweke akilini neno la Gull juu ya jamaa. Kwa karibu miaka mia moja madaktari wengi walimfuata: mgonjwa alitengwa na wazazi wake, na wakati mwingine alinyimwa hata barua mpaka anenepe. Katika miaka ya 1980 kundi la madaktari wa hospitali ya Maudsley, London, lilijaribu njia iliyo kinyume. Liliwaambia wazazi kwamba wao si chanzo cha ugonjwa, bali ni msaada mkubwa kuliko wote. Likawapa kazi ya kupanga, kupika na kukaa mezani na mtoto wao mpaka amalize. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1987 yalionyesha kwamba vijana ambao ugonjwa wao haukuwa wa muda mrefu walisaidiwa hivyo vizuri zaidi. Njia hiyo sasa ni miongoni mwa zile zinazosifiwa sana kwa vijana wa umri wa shule. Gull alikuwa na haki kusema kwamba uthabiti wahitajika. Alikosea kudhani kwamba mama hawezi kuwa thabiti.

Hata tahadhari yenyewe imesahihishwa. Baada ya vile vifo vya mwaka wa 1981, hospitali nyingi ziliogopa, zikaanza kuwalisha wagonjwa kidogo mno, na wengine waliendelea kukonda katika juma lao la kwanza wodini. Utafiti uliofanywa California na kutangazwa mwaka wa 2021 uliwalinganisha vijana walioanzishwa kwa kalori 1,400 kwa siku na wale walioanzishwa kwa kalori 2,000, wote wakipimwa damu na moyo kila mara. Wale wa 2,000 walirudisha mapigo na nguvu mapema zaidi, bila madhara kuzidi. Angalia vizuri maneno “wakipimwa damu na moyo”. Ndiyo yanayofanya jambo hilo liwezekane.

Huenda waniuliza chakula chenyewe ni kipi. Si cha ajabu, wala hakiuzwi katika chupa. Ni milo mitatu kwa saa zinazojulikana, na vitafunio viwili au vitatu katikati, kwa kuwa tumbo lililozoea utupu hupokea kidogo kidogo. Ni uji uliotiwa maziwa na siagi ya karanga, mayai, maharagwe yaliyoungwa kwa mafuta, parachichi, ndizi, chapati, samaki, nyama. Vyakula vyenye nguvu nyingi katika kipimo kidogo. Mboga za majani ni njema, lakini mwenye kupona akijazwa mboga na maji atashiba bila kujengwa. Mbio na michezo mizito huachwa mpaka daktari aruhusu, kwa kuwa moyo nao ni msuli uliopungua. Msichana aliyekoma kupata hedhi huangaliwa mpaka irudi, maana kutorudi kwake ni dalili kwamba mwili bado wajiona katika njaa na kwamba mifupa yaendelea kudhoofika, hata kama uso umekwisha kujaa.

Na kama ni mwenzako wa bweni, usimsifu kwa kukonda, wala usimwambie “umenenepa vizuri” anapoanza kupona. Maneno hayo mawili huingia katika sikio lake kwa maana usiyoikusudia. Kaa naye mezani, zungumza habari za mpira au za mtihani. Ukiona ajificha wakati wa kula, au azimia asubuhi kwenye mstari, mwambie mwalimu umwaminiye au mwuguzi wa shule siku hiyo hiyo, hata kama amekusihi unyamaze.

Vijana wale wa Minneapolis walitawanyika mwisho wa mwaka wa 1945. Vita vilikwisha kabla kazi yao haijakamilika, lakini mwaka wa 1946 kijitabu kidogo kilichotokana na jaribio lao kilitolewa kwa ajili ya wagawaji wa chakula huko Ulaya, na mwaka wa 1950 Keys na wenzake wakatoa kitabu kikubwa cha juzuu mbili, chenye kurasa zaidi ya 1,300, ambacho madaktari wa anoreksia hukitumia hata leo. Katika miaka ya 2003 na 2004 watafiti waliwahoji 18 kati ya wale 36, wakiwa wazee wa miaka themanini na kitu. Walipoulizwa ilichukua muda gani kujiona wamerudi kuwa watu wa kawaida, majibu yao hayakulingana. Mmoja alisema miezi miwili. Wengine walisema mwaka. Wengine miaka miwili.